Mchangani, siku jina lako lisiposomwa

Kila klabu ya mchangani ina mtu mmoja ambaye hachezi tena na haondoki. Zamani alikuwa winga mwenye mbio, au beki wa kati ambaye washambuliaji walimkwepa, mpaka goti likakataa. Siku hizi ndiye anayebeba begi la jezi. Anajua namba nane anavaa nani, nani hajalipa mchango wa mwezi uliopita, na nani asiruhusiwe kupiga penalti hata timu ikiwa inaongoza kwa mabao manne. Mechi ni saa kumi jioni. Yeye yuko uwanjani tangu saa nane na nusu, anahangaika na chokaa ya mistari, wavu uliotoboka na mwamuzi asiyepokea simu. Hakuna anayemlipa. Kuna siku nauli ya mwamuzi huyo inatoka mfukoni mwake.

Wenzake humtania. Humwita meneja, rais, au mzee wa vifaa. Mimi nimewatazama watu wa aina yake kwenye vilabu tofauti vya Dar es Salaam, na nimefikia kuamini kwamba wanajua kitu ambacho wachezaji wengi hukichelewa. Mpira wa kujitolea humjenga mmoja na kumvunja mwingine, na wote wawili wanaupenda, wote wawili hawakosi mazoezi. Tofauti yao huonekana siku ambayo mwalimu anasoma kikosi, anafika jina la kumi na moja, anakunja karatasi.

Alfajiri ya Jumapili, Dar es Salaam huwa mji wa watu wenye bukta. Vikundi vya jogging vinapita barabarani kwa fulana za rangi moja, vinaimba, vikielekea kwenye bonanza na supu. Kwenye viwanja vya Leaders Club, Kinondoni, maveterani wanafunga bandeji magotini na kulalamikia baridi ambayo haipo. Jioni zamu ni ya vijana: Kinesi pale Shekilango, Mwembe Yanga kule Temeke, na viwanja vingi ambavyo havina jina zaidi ya "pale nyuma ya shule". Hakuna jukwaa, kwa hiyo watu wanasimama juu ya mstari wenyewe, na anayetaka kurusha mpira anaomba njia kwanza. Machungwa yaliyomenywa yanauzwa nyuma ya goli. Mihogo ya kukaanga iko upande wa pili, karibu na mtu mwenye kipaza sauti ambaye jina halisi la mchezaji hata mmoja halijui, ila majina ya utani anayo yote.

Mpira huu una ngazi zake. Chini kabisa ni chandimu za watoto uchochoroni. Juu yake kuna ndondo, mashindano ya mtaa ambayo zawadi yake yaweza kuwa mbuzi, ng'ombe, seti ya jezi au fedha taslimu. Pembeni kuna njia rasmi, inayoanzia ligi ya wilaya na kupanda mkoa mpaka ligi ya mabingwa wa mikoa, ambako klabu hutumia fedha nyingi kwa nauli kuliko inazoweza kupata kwa kushinda. Wanaocheza humo ni mafundi seremala, walimu wa shule za msingi, makondakta, wanafunzi wa vyuo, wauza mitumba, na vijana ambao ukiwauliza kazi watakwambia wanacheza mpira, wakitumaini hutauliza la pili.

Ni kosa kuudharau mpira huu kwa sababu ya vumbi lake. Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, nazo zilianza kama vikundi vya vijana wa mjini waliotaka mahali pa kuchezea na watu wa kuwa nao. Majengo ya Jangwani na Msimbazi yalikuja baadaye. Mbwana Samatta, kabla ya TP Mazembe, Genk na Aston Villa, alikuwa kijana wa Mbagala, na African Lyon iliyomlea ilikuwa zamani ikiitwa Mbagala Market. Jina lake hutajwa kwenye kila uwanja wa mchanga wa kusini mwa jiji, aghalabu na mzazi anayetafuta sababu ya kumruhusu mwanawe, au na mwana anayetafuta sababu ya kumtuliza mzazi.

Tangu mtangazaji Shaffih Dauda alipoasisi Ndondo Cup na kuiingiza ndondo redioni na kwenye runinga, mchezaji wa mtaani anaweza kufunga bao Jumamosi na Jumatatu akatambuliwa ndani ya daladala. Heshima hiyo wachezaji hao waliistahili siku nyingi. Ila imenenepesha pia tabia ya zamani, ya kuchukua mamluki. Timu inafika robo fainali, mfadhili anatokea na bahasha, na siku ya mechi wanashuka kwenye gari watu watatu ambao hakuna aliyewahi kuwaona mazoezini. Kijana aliyekuja kila Jumanne na Alhamisi, aliyechangia fedha ya mpira mpya, anasikia kikosi kikisomwa na jina lake halimo. Mwalimu hamtazami usoni.

Hapo ndipo penye mtihani wote.

Mtu aliyeuchambua vizuri kuliko wengi ninaowafahamu ni mwanasaikolojia wa Canada, Robert Vallerand, wa Chuo Kikuu cha Québec huko Montréal. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliogawa shauku katika aina mbili. Shauku, kwa maelezo yake, ni mvuto mkubwa kwa jambo unalolipenda, unaloliona la maana, na unalolipa muda na nguvu zako. Aina ya kwanza hukaa kwa amani na mambo mengine ya maisha. Mtu anacheza kwa moyo wote, na akiacha uwanja anaacha kweli, anarudi kwa watoto na kazi. Aina ya pili humtawala mwenyewe. Anacheza kwa sababu asipocheza anajiona si mtu. Mapenzi ni yale yale kwa ukubwa, na ukiwatazama wawili hao mazoezini huwezi kuwatofautisha. Lakini wa kwanza ameushika mpira, na wa pili ameshikwa.

Katika utafiti huo kuna kipande ninachokipenda. Walichunguza waendesha baiskeli wa Québec, ambako majira ya baridi barabara hujaa theluji na barafu na kuendesha baiskeli ni kujitafutia kuvunjika. Walioendelea kuendesha kipindi hicho walionekana kuwa na zaidi ile shauku ya pili, ya kutawaliwa. Miaka mitatu baadaye Vallerand na wenzake waliwatazama wanafunzi wa dansi wakakuta picha inayofanana: shauku ya kutawaliwa ilikwenda pamoja na majeraha ya kudumu, yale yanayokaa na mtu kwa sababu hakukubali kupumzika.

Barafu Dar es Salaam hatuna, labda ya muuza samaki. Majeraha tunayo.

Mchukue kijana wa bodaboda anayecheza kiungo. Jumapili kifundo cha mguu kinapinda kwenye shimo lililoachwa na mvua. Anatolewa nje, anamwagiwa maji, anafungwa bandeji kwa nguvu, anarudi uwanjani dakika tano baadaye huku watu wakimpigia makofi. Usiku mguu unavimba. Jumatatu anapakwa dawa ya kuchua inayowasha mpaka machozi, na anayemchua ni jirani mwenye sifa ya mikono mizito. Jumanne anaendesha pikipiki kwa mguu mmoja na nusu, kwa sababu hesabu ya tajiri haijui kifundo. Alhamisi yuko mazoezini na vidonge vya kutuliza maumivu tumboni. Ukimwuliza, atakwambia amepona. Kocha anataka kusikia hivyo, mashabiki wanataka kusikia hivyo, na yeye mwenyewe anaogopa kwamba akikosa wiki mbili nafasi yake itachukuliwa na kijana wa miaka kumi na minane ambaye enka zake bado mpya.

Mchezaji wa kulipwa ana daktari wa timu ambaye kazi yake, pamoja na mengine, ni kumkataza. Kijana huyu hana wa kumkataza. Mguu ukivunjika kweli, anapoteza mpira na mlo kwa siku moja, na kama hana bima ndugu wanaanza kupigiana simu. Kwa hiyo ninaposikia wachambuzi wakisifu moyo wa mchangani, ule wa kucheza na maumivu, huwa napata wasiwasi. Moyo huo tunaushangilia mstari wa pembeni, halafu gharama yake tunamwachia mtu mmoja na mama yake.

Mengi ya majeraha haya yanazuilika kwa gharama ya dakika ishirini. Shirikisho la soka duniani, FIFA, lina mpangilio wa kupasha misuli uitwao 11+, usiohitaji kifaa chochote zaidi ya uwanja na mpira. Ulipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, wachezaji zaidi ya 1,800 kutoka vilabu 125, majeraha yalipungua kwa karibu theluthi, na yale mabaya zaidi kwa karibu nusu. Matokeo yalichapishwa 2008. Kuna zoezi jingine dogo la nyama za nyuma ya paja ambalo Uholanzi wamelijaribu kwa wachezaji wa ridhaa, watu wa kazi na mechi za wikendi kama wetu, na likafanya kazi. Unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nyuma, unajiachia kwenda mbele polepole, mwili umenyooka, ukijizuia kwa nguvu ya mapaja mpaka ushindwe na mikono ipokee ardhi. Mara chache, wiki baada ya wiki. Wa kwanza kulijaribu mbele ya wenzake atachekwa, maana linafanana na mtu anayeanguka kwenye ibada. Avumilie.

Kinachotokea badala yake mnakijua. Timu inafika uwanjani ikiwa na watu saba, inawasubiri wanne walio kwenye foleni, na mwamuzi anapopuliza filimbi ya kuita, mazoezi ya viungo yanakuwa ni kufunga kamba za njumu. Kamati ya ufundi, ile ambayo bajeti yake huwa haijadiliwi kikaoni, inaweza kuwa ilianza kazi tangu usiku wa kuamkia mechi. Ya kupasha misuli hakuna aliyepangiwa.

Kuna jambo zito kuliko enka. Juni 2003 dunia nzima ilimwona Marc-Vivien Foé wa Cameroon akianguka peke yake uwanjani Lyon, akafariki akiwa na miaka 28. Desemba 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, Ismail Mrisho Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao alianguka katikati ya mechi na kupoteza maisha. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen Juni 2021 na anaishi mpaka leo, kwa sababu watu waliomfikia walijua kukandamiza kifua na mashine ya kuushtua moyo ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Mashine hiyo mchangani hatutaipata kesho. Kukandamiza kifua kunafundishika, na klabu inayoweza kuchanga mbuzi wa kusherehekea kombe inaweza kumleta mtu wa Msalaba Mwekundu akafundisha. Maveterani ndio wa kwanza kuhitaji somo hilo, pamoja na kupima presha kabla ya kurudi uwanjani baada ya miaka kumi ya kukaa ofisini na chipsi.

Nisije nikaonekana nautisha mpira. Ni dawa kubwa. Huko Denmark, Peter Krustrup na wenzake wametumia miaka mingi kuwachukua watu wazima wasiofanya mazoezi na kuwachezesha mpira wa timu ndogondogo, saa moja, mara mbili au tatu kwa wiki. Baada ya miezi mitatu au minne presha inashuka, mafuta yanapungua, pumzi inaongezeka, na moyo katika mechi hizo hupiga kwa kasi inayokaribia asilimia 80 ya uwezo wake wa juu, ingawa mchezaji mwenyewe haoni kama anateseka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayefanya mazoezi siku mbili na kucheza Jumapili ameshafika hapo bila kuhesabu. Samia Suluhu Hassan, alipokuwa Makamu wa Rais, alitangaza Desemba 2016 kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Wachezaji wa mchangani hawakuhitaji kuambiwa, walikuwa na Jumapili zao nne.

Lakini matokeo ya Denmark yaliyonivutia zaidi hayakuwa ya presha. Katika utafiti mmoja kundi moja la wanawake lilicheza mpira na jingine likakimbia. Walipoulizwa habari za mazoezi, waliokimbia walizungumza zaidi juu ya afya na miili yao. Waliocheza mpira walizungumza juu ya wenzao: fulani alikuja, fulani hakuja, tulicheka sana. Na mradi ulipokwisha, ilikuwa rahisi zaidi kwa wacheza mpira kuendelea, kwa sababu mtu huona aibu kuwaangusha wenzake kuliko kuuangusha mwili wake mwenyewe. (Wanawake wa Dar es Salaam wako wengi kwenye jogging na wachache mno kwenye viwanja vya mpira. Sababu ni ratiba za viwanja zinazogawanywa na wanaume, na zingerekebishika katika kikao kimoja.)

Aibu hiyo ya kutowaangusha wenzako ndiyo gundi ya klabu ya mtaani, na ukitaka kuiona ikifanya kazi, nenda msibani.

Nyingi ya klabu hizi zina katiba. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967 inataka klabu isajiliwe, na usajili unataka katiba. Kurasa za mbele huzungumzia malengo ya kukuza vipaji. Zinazosomwa kwa makini ni za nyuma, zenye habari ya rambirambi: mwanachama akifiwa na mzazi, mwenza au mtoto, kila mtu atatoa kiasi gani na ndani ya siku ngapi. Taarifa ikiingia kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku, kundi lile lile ambalo dakika kumi nyuma lilikuwa likibishania mkeka wa mechi za Uingereza, utani unakatika. Asubuhi vijana wako kwa mfiwa. Wanafunga turubai, wanapanga viti, wanachimba kaburi kwa zamu, na jioni begi la jezi limegeuka begi la vikombe. Mfiwa anaweza kuwa mchezaji wa akiba aliyecheza dakika kumi na tano kwa msimu mzima. Hapo haulizwi amefunga mabao mangapi.

Mweka hazina wa klabu kama hiyo hutembea na daftari la michango lenye kona zilizokunjamana, majina upande wa kushoto, miezi upande wa juu, na vema za wino wa rangi tofauti kulingana na kalamu iliyokuwepo. Ukilisoma unaona historia ya watu. Huyu ana mapengo miezi mitatu, kisha vema tena: alipoteza kazi, akapata. Huyu mapengo yameanza Machi na hayajaisha, na mtu wa busara kamatini atajua ni wakati wa kupita nyumbani kwake, na si kwa ajili ya deni. Wanaume wa mji huu hawasemi kwa urahisi kwamba wamelemewa. Watakosa mazoezi kwanza. Klabu inayosoma daftari lake vizuri hugundua mapema kuliko ndugu.

Sasa mrudishe yule kijana ambaye jina lake halikusomwa, au kiungo wetu mwenye kifundo kilichovimba. Akiwa kwenye klabu ambayo kucheza ndiyo sababu pekee ya kuwepo, hana la kufanya siku hiyo. Atakaa kwenye mchanga, atatukana kimoyomoyo, au atadanganya kwamba amepona. Jumapili ya tatu haji. Baada ya mwezi watu watauliza kaenda wapi, na yeye atakuwa baa ya jirani akieleza jinsi alivyofanyiwa fitina. Akiwa kwenye klabu nyingine, mtu atamwambia: kaa hapa uandike mabadiliko, wachezeshe watoto nusu saa kabla ya mechi, kamata bendera, mshika kibendera hajaja, nenda na mweka hazina kumwona mzee fulani hospitali. Atanung'unika, kisha atafanya. Na kwa sababu bado ana kazi ya kufanya pale, kifundo kinapata wiki zake tatu za kupona. Nimewaona wachezaji wakali kabisa wakiokolewa na kibendera.

Wenzetu wa Nairobi wamelijengea jambo hili mfumo. Chama cha Vijana cha Michezo cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa 1987 na Bob Munro, raia wa Canada, kiliweka sharti kwamba timu ifanye pia usafi wa mtaa, kuzoa taka na kuzibua mitaro, na pointi za usafi zikaingia kwenye msimamo wa ligi. Mchezaji mmoja mmoja naye hupata pointi kwa kazi za kujitolea, kama kufundisha watoto au kuchezesha mechi kama mwamuzi, na wenye pointi nyingi huingia kwenye tuzo zinazolipa ada ya shule. Mtoto asiye na kipaji kikubwa miguuni anaweza hivyo kuwa mtu wa maana kwenye chama. Wala ushindani haukupotea: Mathare United, iliyochipuka humo, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008.

Klabu zetu hazina haja ya kuiga yote. Ninachowaonea wivu ni wazo la kuandika, tena kwenye msimamo unaobandikwa ukutani, kwamba kuna kazi zaidi ya kufunga. Sisi kazi hizo tunazo, ila tumeziacha ziwe hisani ya mtu mmoja mwenye goti bovu. Akihama mtaa, klabu inakufa ndani ya msimu.

Viwanja ndiyo hofu nyingine. Jangwani, bonde ambalo vizazi vya watoto wa Kariakoo, Magomeni na Ilala vimechezea, lilipokea karakana ya mabasi ya mwendokasi, na mafuriko yakachukua kilichobaki kila mvua kubwa ikinyesha. Sehemu nyingine uwanja huzungushiwa mabati usiku mmoja, na asubuhi hakuna ofisi inayojua mabati ni ya nani. Klabu iliyopoteza uwanja haipotezi mpira tu. Daftari, rambirambi, kibendera na kundi la WhatsApp vyote vilikuwa vikikutana pale, na kundi lisilokutana hubaki la kutumiana picha za heri ya sikukuu.

Waliofaulu zaidi katika haya yote, kwa macho yangu, ni maveterani, na wamefaulu kwa kubadili sheria. Kwao aliyetolewa anaruhusiwa kurudi, kwa hiyo mtu wa miaka hamsini anacheza dakika kumi, anatoka kuhema, anaingia tena kipindi cha pili kana kwamba ndiyo kwanza mechi inaanza. Kuruka na miguu miwili ni marufuku. Mwalimu huwa ni yule aliyeumia wiki hiyo. Hakuna mfadhili, kwa hiyo hakuna mamluki, na jina la kila aliyefika na buku tano lake litasomwa.

Ugomvi uliobaki ni wa umri. Yakitangazwa mashindano ya miaka arobaini kwenda juu, vilabu vinaanza kuleta mawinga wenye mvi kidevuni na mbio za miaka ishirini na saba, na kikao cha kabla ya mechi kinageuka baraza la ardhi: kitambulisho cha Taifa kinawekwa mezani, kinakataliwa, kinaletwa cheti cha ubatizo, kinaletwa shahidi aliyesoma naye darasa la kwanza. Shahidi naye anaombwa kitambulisho. Saa kumi na moja jua limeshuka, mechi haijaanza, supu inapoa, na hakuna aliyeondoka.